Mkabidhi Mtoto Mpango Wake

Sikiliza asubuhi moja katika nyumba yenye mwanafunzi wa shule ya msingi. Amka. Nawa uso. Soksi ziko wapi? Daftari la hesabu umeweka? Kunywa chai, inapoa. Basi linapita hilo! Mtoto anayafanya yote, na saa kumi na mbili yuko barabarani, nadhifu kabisa, lakini katika saa nzima hiyo hakuamua jambo hata moja. Aliyelikumbuka daftari ni mama. Aliyepima muda ni mama. Mtoto alikuwa mikono na miguu ya mpango uliokaa kichwani mwa mtu mwingine. Jioni hali ni ile ile: kaa hapa, fungua ukurasa huu, anza na hili, futa, andika tena. Kisha unafika mwaka ambao mama hayupo, pengine kidato cha kwanza bwenini, na mtoto huyo huyo anaitwa mvivu, mzembe, asiyejitambua. Hoja ya mwongozo huu ni kwamba mtoto hajifunzi kujipanga kwa kupangiwa. Anajifunza kwa kukabidhiwa mpango wenyewe, kipande kwa kipande, akiwa karibu na mtu mzima anayejua wakati wa kunyamaza.

Uwezo unaozungumziwa hapa hauna jina moja lililozoeleka katika Kiswahili, ingawa kila mlezi anautambua akiuona. Tuuite stadi za kujiongoza. Watafiti, mmoja wao Adele Diamond anayefanya kazi Kanada na aliyechapisha mapitio mapana ya tafiti kuhusu stadi hizi mwaka 2013, wanauona umesimama juu ya mambo matatu: kushika jambo akilini huku ukilifanyia kazi, kuuzuia mkono au ulimi unaotaka kutangulia, na kubadilisha njia pale ya kwanza inaposhindikana. Juu ya hayo matatu ndipo hukaa kupanga, kukadiria muda, kuanza bila kusukumwa na kumaliza ulichoanza. Sehemu ya ubongo inayobeba mzigo huo, ile iliyo nyuma ya paji la uso, huendelea kukomaa hadi mtu anapopita miaka 20. Kwa hiyo mtoto wa miaka 7 aliyetumwa kisu jikoni akarudi na kikombe hakufanya jeuri. Aliushika ujumbe mpaka mlangoni, pale akakutana na jambo jingine, ujumbe ukamponyoka. Lakini uchanga huo si sababu ya kukaa na kungoja, kana kwamba akili ni ndizi zilizovundikwa ambazo zitaiva zenyewe siku zikifika. Stadi hizi hukua kwa kutumiwa, na kama hazitumiwi nyumbani, shule yenye wanafunzi wengi darasani haina nafasi ya kumshughulikia kila mmoja.

Kwamba jambo hili lina uzito, ushahidi upo. Huko Dunedin, Nyuzilandi, watafiti wamekuwa wakiwafuatilia watu wapatao 1,000 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973. Ripoti yao ya mwaka 2011 ilionyesha kuwa waliojitawala vizuri zaidi utotoni walifika miaka 32 wakiwa na afya bora, hali nzuri zaidi ya fedha na makosa machache ya jinai, hata baada ya watafiti kuzingatia akili zao na uwezo wa familia walimozaliwa. Hiyo haisemi kwamba hatima ya mtu imefungwa akiwa na miaka mitano. Inasema kwamba kinachofanyika sebuleni na jikoni katika miaka ile hakipotei.

Tena nyumba za Kiafrika hazianzi mikono mitupu. Jaribio maarufu la kungoja, lililobuniwa na Walter Mischel huko Stanford, Marekani, ni rahisi: mtoto anawekewa kitamu kimoja mezani na kuambiwa kwamba asipokigusa mpaka mtu mzima arudi atapewa viwili. Mtafiti wa Kijerumani Bettina Lamm na wenzake walilipeleka jaribio hilo kwa watoto wa miaka minne wa jamii ya Wanso nchini Kameruni, na kwa wenzao wa familia za kipato cha kati nchini Ujerumani. Watoto karibu 70 katika kila 100 wa Kinso walingoja, wengine mpaka wakasinzia mezani. Wa Kijerumani hawakufika hata 30. Watafiti waliihusisha tofauti hiyo na malezi. Nchini Kenya nako, katika kijiji cha Kokwet, Sara Harkness na Charles Super waliofanya utafiti miongoni mwa Wakipsigis kuanzia miaka ya 1970 walikuta wazazi wana maneno mawili tofauti kuhusu akili: akili ya shuleni, na ile waliyoiita ng'om en ga, akili ya nyumbani, yaani ya mtoto anayeiona kazi inayotakiwa na kuifanya bila kusubiri kuambiwa. Maneno hayo mawili yanafaa kurudishwa pamoja, kwa sababu akili ile ya pili ndiyo inayomwezesha mtoto kuitumia ya kwanza.

Chukua safari ya gengeni. Mtoto wa miaka minane anapewa noti ya elfu mbili: nyanya za mia tano, vitunguu vya mia tatu, pakiti ya chumvi ya mia tano, na chenji irudi. Katika mwendo huo mfupi stadi zote tatu zinafanya kazi. Vitu vitatu na bei tatu lazima vikae kichwani wakati miguu inatembea, na wakati wenzake wanacheza mpira uchochoroni wakimwita aingie golini. Kuukataa mpira ni kujizuia. Akifika akakuta nyanya zimelainika, ama anunue hizo hizo, ama aende genge la pili, ama arudi kuuliza. Hapo ndipo kubadilisha njia kunapojaribiwa. Hakuna zoezi la kitabuni linalokusanya mambo hayo yote kwa dakika kumi. Ila wengi wetu tunaliharibu kwa huruma au kwa haraka: tunamwandikia kikaratasi ampe muuzaji, au tunampigia muuzaji simu mtoto akiwa njiani. Kikaratasi hakina ubaya kama mtoto amekiandika mwenyewe. Kikiandikwa na mzazi, mtoto amekuwa bahasha.

Basi mtume hivi. Umri wake na barabara anayovuka ndivyo viamue ukubwa wa safari; wa miaka mitano atumwe chumba cha pili au kwa jirani, kitu kimoja, kisha viwili. Ukishamwambia, usiulize "umesikia?", maana jibu ni ndiyo siku zote. Mwambie akutajie yeye anakwenda kuleta nini, kwa maneno yake. Muulize chenji itakuwa shilingi ngapi kabla hajatoka, naye atahesabu mia saba akiwa bado mlangoni. Muulize: nyanya zikikosekana je? Swali hilo ndilo lenye thamani kuliko yote, kwa sababu linamfundisha kwamba mpango unaweza kukwama na kwamba kukwama kuna jibu. Akirudi, sikiliza kwanza maelezo ya safari, kisha pokea mfuko. Akiwa amesahau chumvi, usimlaumu wala usiende kuinunua mwenyewe. Muulize alikuwa ameishika vipi kichwani, na safari nyingine ataishika vipi. Baadhi ya watoto hujitungia njia zao: kuvihesabu vitu kwa vidole, au kuviimba njiani. Aliyeimba amevumbua mbinu ya kusomea ambayo atakuja kuitumia kwenye mtihani wa historia.

Hapa kuna pingamizi la haki. Watoto wetu, hasa wasichana, tayari wana kazi nyingi mno, na kuzisifu kazi za nyumbani ni kumpa kisingizio mtu anayemnyima binti muda wa kusoma. Ni kweli, na ndiyo maana lazima kutofautisha. Ndoo ya nne ya maji haimfundishi binti kupanga chochote ambacho ndoo ya kwanza haikumfundisha, inamchosha tu. Kinachojenga ni kazi ambayo ndani yake mna uamuzi: kupanga mpangilio wa kufua ili sare ikauke kabla ya jioni, kupika wali huku mboga ikichemka, kujua lini mkaa utaisha. Kazi ya namna hiyo ikishazoeleka mpaka inafanyika bila kufikiri, imemaliza kufundisha, na kuanzia hapo ni haki igawanywe sawa, kaka naye ashike ufagio. Mvulana asiyewahi kuachiwa jiko hata siku moja amenyimwa somo, ingawa nyumba nzima inadhani amependelewa.

Tuje kwenye daftari. Mtoto akirudi shule, amri za jioni zibadilishwe ziwe maswali matatu, yale yale kila siku: leo una kazi zipi, utaanza na ipi, na utajuaje kwamba umemaliza? Mawili ya mwanzo ni mepesi. La tatu huwashangaza watoto wengi, kwa sababu kwao kumaliza ni pale mtu mzima anaposema "haya, nenda kacheze". Mtoto anayeweza kusema "nimemaliza nikishafanya maswali yote kumi na kuyahakiki yale ya mgawanyo" ameanza kujisimamia. Majibu yake yaandikwe, na ayaandike mwenyewe, kwa mwandiko wake hata kama ni mbovu, au ayachore kama bado hajui kuandika, nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita iliyobandikwa mlangoni. Ukiandika wewe, umehamisha tu kelele zako kutoka hewani hadi ukutani. Kando ya kila kazi akadirie itachukua dakika ngapi, na akimaliza aandike zilizotumika kweli. Wiki za mwanzo makadirio yake yatakuwa mbali na ukweli, dakika tano kwa insha iliyokula arobaini. Usimcheke wala usimsahihishe. Namba mbili zilizokaa bega kwa bega zitamwambia mwenyewe, na polepole zitaanza kukaribiana.

Saa ya kuanza ndiyo ngumu kuliko kazi yenyewe, na watu wazima wanalijua hilo kwa nafsi zao. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia ambaye makala yake ya mwaka 1999 kuhusu jambo hili hutajwa mara nyingi, alionyesha kwamba nia ya jumla ("nitasoma zaidi") hutekelezwa kidogo kuliko nia iliyofungwa kwenye tukio maalumu: likitokea hili, nafanya lile. Nyumbani kwetu matukio ya kufungia nia yamejaa. Adhana ya magharibi ikilia, naingia ndani, nanawa miguu, natoa daftari. Sahani ya ugali ikishaoshwa, nasoma kurasa mbili. Tukio lililochaguliwa na mtoto mwenyewe hushika kuliko lililochaguliwa na mzazi, na likishachaguliwa, kazi yako ni kutolivuruga: usimtume dukani dakika ile ile adhana inapolia. Kwa mtoto wa darasa la pili dakika 15 za kukaa zinatosha kabla ya kunyoosha viungo. Kwa wa darasa la sita, 25 au 30.

Sasa, ndani ya dakika hizo afanye nini? Jibu la mazoea ni kusoma tena na tena kwa sauti mpaka yakae. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha jaribio walilofanya Marekani kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Kundi moja lilisoma kifungu katika vipindi vinne mfululizo. Jingine lilikisoma katika kipindi kimoja, kisha katika vipindi vitatu likafunga karatasi na kuandika linachokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walishinda, asilimia 83 kwa 71. Walipopimwa baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliorudia walikumbuka asilimia 40, waliojipima 61. Tafakari maana yake kwa mtoto anayeimba daftari usiku wa kuamkia mtihani. Anajisikia anajua, na kwa dakika tano ni kweli anajua. Hisia hiyo ya kujua ndiyo inayomhadaa, na mzazi anayemsikia akisoma kwa ufasaha anahadaika naye. Mapitio ya John Dunlosky na wenzake ya mwaka 2013, yaliyopima mbinu kumi za kusomea, yaliweka kujipima na kutawanya masomo katika siku mbalimbali kileleni, na kurudia kusoma pamoja na kupigia mistari maneno chini kabisa.

Kwa vitendo ni hivi. Mtoto amesoma mmeng'enyo wa chakula. Anasoma kurasa zake mara moja, polepole, kisha daftari linafungwa na kukaliwa, kabisa, chini ya paja, ili mkono usilichungulie. Anachukua kipande cha karatasi na kuandika safari ya chakula kutoka mdomoni: umio, tumbo, utumbo mwembamba, kisha anakwama. Mwache akwame. Ile nusu dakika anayokunja uso akitafuta kinachofuata ndiyo inayofunga fundo la kumbukumbu. Ndipo afungue, aongeze alichosahau kwa kalamu ya rangi nyingine, na afunge tena. Rangi ile ya pili ni ramani yake ya kesho: kesho hahitaji kusoma ukurasa wote, anahitaji yale yaliyoandikwa kwa rangi hiyo. Keshokutwa ayaguse tena, na baada ya wiki, dakika tano tu. Kwa jumla hatatumia muda mwingi kuliko mwenzake anayekesha, ila ameusambaza.

Wazazi wengi hukata tamaa hapa: mimi niliishia darasa la saba, masomo yenyewe ni ya Kiingereza, nitamsaidia nini? Utamsaidia sana, na pengine kwa usalama zaidi kuliko mzazi msomi ambaye hawezi kujizuia kumpa majibu. Kushika daftari na kusema "nieleze" hakuhitaji cheti. Mtoto akikueleza kwa Kiswahili, au kwa Kigogo au Kiluo cha nyumbani, kitu alichofundishwa kwa Kiingereza, amelazimika kukielewa. Hawezi kutafsiri wimbo ambao hajui maana yake. Ukiona ameruka kutoka jambo moja hadi jingine, uliza "hapo umefikaje?". Asiyejua kusoma anaweza kusikia pengo katika maelezo. Na kwa mtoto anayeingia kidato cha kwanza Tanzania akitoka shule iliyofundisha kwa Kiswahili, msaada huu una uzito wa pekee, kwa sababu kichwa chake kinabeba mizigo miwili kwa pamoja, lugha na somo. Kuelewa kwanza kwa lugha anayoimudu humshushia mmoja.

Pingamizi zito kuliko yote ni la fimbo. Wapo watakaosema kwamba maswali na karatasi za ukutani ni malezi ya wageni, na kwamba mtoto wa Kiafrika anaongozwa kwa woga mpaka apate akili. Wanaweza hata kuwataja Wanso: si mama zao ndio wakali, wanaodai utii bila mjadala, na watoto wao ndio waliongoja? Hoja hiyo inastahili jibu la ushahidi, na ushahidi wenyewe umetoka Afrika. Mwaka 2011 Victoria Talwar, Stephanie Carlson na Kang Lee walichapisha utafiti wa watoto 63 wa chekechea na darasa la kwanza katika shule mbili binafsi za Afrika Magharibi. Shule moja ilitumia fimbo, makofi na kufinya. Nyingine ilionya kwa maneno na kumtenga mtoto kwa muda. Katika chekechea, watoto wa shule hizo mbili hawakutofautiana kwa jumla katika stadi za kujiongoza. Kufikia darasa la kwanza, wale wa shule isiyopiga walikuwa wameshapiga hatua na kuwaacha wenzao nyuma. Utafiti mwingine wa Talwar na Lee wa mwaka huo huo ulikuta watoto wa shule yenye adhabu kali wanasema uongo zaidi, tena kwa ustadi zaidi. Akili iliyojengwa na fimbo hujifunza kumsoma mwenye fimbo: yuko wapi, amekasirika kiasi gani. Nafasi ya kufikiria kazi inabaki ndogo. Kile ambacho Wanso wanacho, na ambacho ni chetu pia, ni matarajio yasiyoyumba: mtoto wa miaka minne anajua anategemewa. Kutegemewa na kupigwa ni mambo mawili, na la kwanza linasimama bila la pili. Mzazi anaweza kuwa mkali kama radi kuhusu *kwamba* kazi itafanyika, na wakati huo huo akamwachia mtoto aamue *vipi*.

Kutegemewa kunakwenda na kutegemeka. Celeste Kidd na wenzake, mwaka 2013, waliwapa watoto 28 jaribio lile la kungoja baada ya kuwaonyesha kwanza mtu mzima wa aina moja kati ya mbili. Kundi moja liliahidiwa rangi nzuri za kuchorea, zikaletwa. La pili liliahidiwa, mtu akarudi mikono mitupu akiomba radhi. Walioletewa walingoja wastani wa dakika 12. Waliodanganywa, dakika 3. Mtoto asiyengoja anaweza kuwa amepiga hesabu sahihi: katika nyumba hii, kinachoahidiwa hakiji. Ahadi ni deni, nasi husema hivyo kila siku, lakini deni la mtoto ndilo tunaloliahirisha kwa wepesi zaidi. Ukimwambia akimaliza kusoma mtacheza bao, akimaliza mcheze, hata kama umechoka. Na kama huwezi, usiahidi.

Bao, kwa njia, si zawadi tu. Mashimo 32 na kete 64 vinataka mchezaji ahesabu mbele na aivumilie kete ambayo mkono unawasha kuisogeza. Mchezo wa nyama-nyama wa watoto wadogo unafanya kazi hiyo hiyo kwa kicheko: kiongozi anataja mnyama, wote wanaruka na kuitikia akiwa analiwa, na ghafla anataja punda, aliyeruka ametoka. Mguu uliokwisha kuinuka kisha ukarudi chini ni kujizuia kunakoonekana kwa macho. Michezo hiyo inahitaji muda usio na msimamizi, ndiyo maana tuisheni ya kila jioni na kila Jumamosi inahitaji kupimwa upya. Sipingi mtoto kusaidiwa somo lililomshinda. Lakini tuisheni ni mtu mzima mwingine anayeshika mpango, na mtoto ambaye kila saa yake ina msimamizi hana saa ya kujisimamia. Utafiti mmoja wa Colorado wa mwaka 2014, wa watoto 70 wa miaka sita na saba, ulikuta kwamba waliokuwa na muda mwingi zaidi usiopangwa na wakubwa walikuwa hodari zaidi katika kujiongoza wenyewe. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi chanzo, ila unatosha kumfanya mzazi afikiri kabla ya kulipia saa ya mwisho iliyobaki tupu katika wiki ya mtoto. Programu za simu zinazodai kunoa ubongo zisikupotezee fedha: mwaka 2016 kampuni ya Marekani inayouza Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya mamlaka za nchi hiyo kuituhumu kwamba matangazo yake yaliwapotosha wateja.

Usingizi nao. Wataalamu wa usingizi wa Marekani wanapendekeza saa 9 hadi 12 kwa watoto wa miaka 6 hadi 12. Mtoto anayeamshwa saa kumi na moja alfajiri awahi basi anatakiwa awe amelala ifikapo saa mbili usiku, yaani taarifa ya habari inapoanza. Katika nyumba nyingi za mjini saa hiyo ndiyo kwanza daftari linafunguliwa. Kama lazima kitu kimoja kikatwe, kikatwe kipande cha mwisho cha kazi za shule, mtoto alale. Ubongo uliochoka haushiki, haujizuii, wala haubadilishi njia.

Na umaskini? Mwaka 2018 Tyler Watts na wenzake walirudia kuchunguza jaribio la kungoja kwa watoto wengi zaidi wa Marekani, wakakuta kwamba ukizingatia hali ya familia, uwezo wa jaribio hilo kutabiri mafanikio ya shuleni unapungua sana. Hivyo asidanganywe mtu kwamba karatasi mlangoni inaziba pengo la njaa, la chumba kimoja cha watu saba, au la walimu wasiotosha. Mtoto mwenye njaa apewe uji kwanza. Vilevile wapo watoto ambao, pamoja na juhudi zote, hawatulii wala hawashiki agizo hata dogo, nyumbani na shuleni, mwaka baada ya mwaka. Hao wapelekwe kwa daktari wa watoto badala ya kuongezewa adhabu. Nimechagua kwa makusudi mambo yasiyohitaji fedha, yanayoweza kufanywa na bibi, kaka mkubwa au dada wa kazi. Mzazi anayerudi usiku hana budi kumfundisha huyo aliye na mtoto alasiri yale maswali matatu, kwa sababu ndiye mwenye saa.

Lililobaki ni gumu kwa mzazi kuliko kwa mtoto: kuondoka. Siku moja daftari litasahaulika mezani, utaliona saa moja baada ya basi kupita, na bodaboda iko nje. Usilipeleke. Kama ni darasa la tatu au la nne, hasara yake ni aibu ya asubuhi moja; akiwa kidato cha nne hasara itakuwa kubwa kuliko hapo. Jioni muulize ataweka nini mahali gani ili lisijirudie, na ukubali jibu lake hata kama lako ni bora. Lake ndilo atakalolifuata. Anza kumkabidhi asubuhi tu, nyakati nyingine ziendelee kama zilivyo. Baada ya mwezi ongeza jioni, kisha Jumamosi nzima. Karatasi ya mlangoni, ambayo sasa ameandika pia mambo ya asubuhi, iangalie: atakuwa anaisoma kila siku, baadaye ataipita akiitaja kwa midomo tu, na mwishowe ataondoka bila kuigeukia huku kila kitu kikiwa ndani ya begi. Ikifika hapo ibandue, mpe karatasi nyingine iliyo tupu, na umwambie apange wiki ya mitihani.